SOMO: Tega, lakini uwe na jibu. Namna ya kuvuta wageni kwenye tovuti kwa fumbo

Somo hili ni la wenye tovuti ndogo: muuza leso wa Biashara Street, mtembeza wageni wa Mji wa Kale, mchora piko wa Kisauni. Tovuti ipo, wageni hawaji. Nitaeleza jinsi fumbo linavyoita watu, na pia pale linapowafukuza, maana hilo la pili ndilo limeharibu biashara za wengi hapa mjini.

Mnaukumbuka mchezo wenyewe. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Wakishindwa, anaomba mji, anapewa Lamu au Malindi, anajidai nao kidogo, kisha anasema: nanasi. Kuna sharti mbili humo ambazo hatuzitaji kwa sababu tumezizoea. Anayetega ana jibu na atalitoa. Na anayetegewa amewahi kuliona nanasi.

Sharti hilo la pili ndilo msingi wa somo zima. Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, George Loewenstein, aliandika kwamba udadisi huzaliwa mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua lolote haoni pengo lolote, kwa hiyo hana la kuuliza.

Hatua ya 1: Anzia kwenye anachokijua

Mtembeza wageni akiandika "Siri kubwa ya Mombasa usiyoijua!!!", hajatega kitu. Siri gani? Ya nani? Msomaji anapita zake.

Sasa jaribu hivi: "Umepita mbele ya Fort Jesus mara ngapi? Mwaka 1697 meli ilizama pale pale. Ilikuja kumwokoa nani?" Ngome kila mtu anaijua. Meli wengi hawaijui. Pengo limeonekana, tena ni dogo, linazibika kwa kubofya mara moja.

Na jibu lipo: meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ililetwa kuwasaidia wenzao waliozingirwa ngomeni na Waomani tangu 1696. Haikufua dafu, na ngome ikaanguka 1698. Wapiga mbizi wa akiolojia walianza kuichimbua 1977, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa kwenye makumbusho ya humo ngomeni. Ukurasa ukishaeleza hayo, sentensi inayofuata ni "Mimi hukupeleka ukavione", na kitufe cha kuweka nafasi.

Hatua ya 2: Chagua cha kuficha

Ficha sababu. Ficha namna. Ficha mwisho wa kisa.

Usifiche bei. Usifiche duka liko wapi, linafunguliwa saa ngapi, wala nambari ya simu. Huu mtindo wa "bei ni inbox" mimi nauona ni adabu mbaya. Mteja anayeulizia bei hana udadisi, ana haja, na mwenye haja ukimzungusha anaenda duka la pili. Nasikia hoja kwamba ukiificha bei utapata nafasi ya kuzungumza naye. Utaipata, kwa mmoja kati ya wale waliobaki.

Kwa muuza leso, kitu cha kuficha ni jina la leso. Ikunje, upige picha ionyeshe nusu ya maandishi tu, uandike: "Hii wanaipenda wake wenza. Fungua usome jina lote." Ila jihadhari: jina likiwa methali ambayo kila mtu anaweza kuimalizia kichwani, hakuna atakayefungua. Chagua yale mafumbo makali ambayo hata wenye leso kumi kabatini hawajakutana nayo.

Hatua ya 3: Vichwa viwili, milango miwili

Hapa ndipo watu wanapochanganya, kwa hiyo soma polepole.

Anayekuja kutoka Google amekuja na swali lake tayari. Ameandika "leso za jumla Mombasa". Ukimjibu kwa fumbo anakuona humjali. Kichwa cha Google kiwe wazi, kiwe na maneno anayoyatafuta, na kisizidi herufi 60 hivi kisije kikakatwa: "Leso za jumla na rejareja, Biashara Street, Mombasa".

Anayekuona kwenye stetasi ya WhatsApp au Facebook hakuwa akitafuta kitu. Yuko kwenye matatu, anapitisha muda. Huyo ndiye wa kutegewa.

Ukurasa mmoja unaweza kubeba vichwa vyote viwili. Cha Google hukaa kwenye "title", na kile kinachotokea kiungo kikitumwa WhatsApp huchukuliwa kutoka sehemu iitwayo "og:title". Picha yake ni "og:image". Kwenye WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, programu-jalizi nyingi za SEO (za kuifanya tovuti ionekane kwenye Google) zina mahali pa kujaza hivyo bila kugusa msimbo wa tovuti.

Hatua ya 4: Lipa deni mapema

Jibu la fumbo lije aya ya kwanza au ya pili, lisizikwe chini ya matangazo. Facebook yenyewe ilitangaza mwaka 2014 kwamba itavishusha vichwa vya mtego, na kipimo kimoja ilichokitaja ni muda ambao mtu hukaa akisoma baada ya kubofya. Akirudi mbio, ni alama mbaya kwako.

Hatua ya 5: Pima

Google Search Console, chombo cha Google cha kuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwa wanaotafuta, ni bure. Angalia umeonekana mara ngapi na umebofywa mara ngapi. Badilisha kichwa kimoja, ngoja wiki kadhaa, angalia tena. Usibadilishe vyote kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Likoni: Mwalimu, mimi nauza samaki. Samaki ana fumbo gani?

Jibu: Samaki hana, bahari inalo. Andika: "Kwa nini changu haonekani sana kusi ikivuma?" Kisha eleza jinsi bahari inavyochafuka na wenye vyombo vidogo wanavyobaki pwani. Chini yake weka bei za leo, peupe kabisa. Mteja akijua sababu, bei ya msimu haimuudhi sana.

Mwanachama, Kisauni: Mimi ni mchora piko na hina. Huandika "Jambo kubwa linakuja Ijumaa" lakini hata dada zangu hawafungui.

Jibu: Bi mkubwa, kwa sababu hujawapa la kushika. Weka picha ya mkono wa bibi harusi uliochorwa vidole tu, useme mchoro mzima utatoka Ijumaa saa kumi jioni. Na saa kumi ikifika, utoke kweli.

Mwanachama, Changamwe: Watu wanabofya, ila naona wanaondoka kabla ukurasa haujafunguka.

Jibu: Picha zako ni nzito, kaka. Zipunguze, kila moja iwe chini ya KB 200 ukiweza. Kisha zima Wi-Fi, ufungue tovuti kwa bando la simu yako, ukiwa nje ya nyumba. Ukichoka kungoja wewe mwenye tovuti, mgeni alishaondoka zamani.

Mwanachama, Tudor: Nimebadilisha picha ya kiungo lakini WhatsApp bado inaonyesha ile ya zamani.

Jibu: Huwa inaihifadhi. Ongeza ?v=2 mwishoni mwa kiungo, ujitumie mwenyewe kwanza uone, halafu ndiyo ukiweke stetasi.