Bresi ya goti inavaliwaje isiteremke (na zingine nazigusia mwishoni)

Mimi ni fisio (mtaalamu wa tiba ya viungo) huku Mtwara, na msimu wa korosho ukishaanza, Oktoba kwenda mbele, magoti ndo yanakuja kwa wingi, mana mtu kainama na kuchuchumaa kutwa nzima anaokota. Wengi wanakuja bresi, yaani kile kifaa cha kuvaa kinachoshikilia goti, tayari wanayo, wamejinunulia wenyewe, ila ukiangalia imeshuka ipo kwenye shavu la mguu. Hapo haikusaidii chochote inakubana tu.

Hatua ya 1: jua goti linaumwa nini
Mtu mzima ambaye gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa kwenye goti, imelika, mara nyingi soksi ya goti inamtosha, ile ya kuvuta. Inatia joto, inabana kiasi, inamfanya alihisi goti lake vizuri anapokanyaga. Gegedu hairudi lakini, tusidanganyane. Kama imelika zaidi upande wa ndani na mguu unapinda matege, kuna bresi inayohamishia uzito upande wa nje, hiyo lazima upimwe. Kijana aliyeumia mpirani akasikia "paa!", goti likavimba na sasa akigeuka linamtoka, huyo shida inaweza kuwa ligamenti (kano inayounganisha mfupa na mfupa), anahitaji yenye bawaba pembeni, ila kwanza aonekane hospitali: Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda, Nyangao, yoyote iliyo karibu.

Hatua ya 2: pima
Tepu ya fundi cherehani inatosha. Simama, mguu wazi, zungushia katikati ya pia ya goti, halafu sentimita 15 juu na 15 chini yake. Linganisha na jedwali la kwenye boksi, mana M ya kiwanda hiki sio M ya kile. Goti lako likiwa linavimba jioni, pima jioni.

Hatua ya 3: vaa
Kaa kwenye ncha ya kiti, goti likunje kiasi, sio mguu umenyooka. Bresi iguse ngozi au soksi nyembamba, usivae juu ya suruali. Tundu la mbele likae kwenye pia, bawaba zote mbili ziwe usawa wa katikati ya pia, zikikaa chini yake goti linakunja huku na chuma kinakunja kule na ndo inaanza kuteremka. Sasa mikanda: anza na ule wa chini ya goti, unapita juu kidogo ya pale shavu la mguu linapotuna, huo ndo unashikilia bresi nzima. Fuata wa juu ya goti, kisha iliyobaki. Watu wanaanza na wa paja sijui kwanini.

Kukaza je? Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Bibi mmoja nikamwambia legeza akanijibu "mwanangu, si ikikaza ndo inapona?" Hapana bibi, ikikaza sana damu haipiti.

Hatua ya 4: tembea
Zunguka uani dakika chache, ukae, ukaze tena, kawaida inalegea mara ya kwanza. Vidole vya mguu vikifa ganzi, vikawa baridi au vikabadilika rangi, vua. Ukivua angalia ngozi, wekundu ambao nusu saa imepita bado upo ujue panabana vibaya. Mwenye kisukari akague kila siku, mana anaweza kuchubuka asisikie.

Hatua ya 5: joto letu hili
Jasho la huku unalijua. Vua ukipumzika na ukilala, labda uwe umeambiwa vingine. Fua kwa mkono kwa sabuni laini, velkro (ile sehemu ya kunata ya mikanda) umeifunga, anika kivulini, jua kali linaua mpira. Ukitoka baharini na maji ya chumvi suuza kwanza.

Zingine kwa haraka. Aliyepooza na mguu unaburuta, kuna ya plastiki inaingia ndani ya kiatu, avae na soksi na kiatu kipana cha kufunga, sio kandambili. Mkono unaokufa ganzi usiku, ya kifundo inavaliwa usiku, kiganja kimenyooka. Mtoto wa mguu kifundo, yaani nyayo zimegeukia ndani, akimaliza kufungwa plasta ngumu anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma katikati saa 23 kwa siku kwa miezi 3 hivi, baadae wakati wa kulala tu mpaka miaka 4 au 5, na mama usivipumzishe kwa vile mguu umeshanyooka, ndo unavyorudi kupinda.

Na mazoezi usiache, bresi haijengi msuli. Lala chali, kunja mguu usio na shida, wenye shida unyooshe, uinue taratibu, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10, asubuhi na jioni. Shavu la mguu likivimba ghafla, likauma na kuwa la moto, usifanye mazoezi wala usikande, nenda hospitali siku hiyohiyo.