Kutembelea Magenge na Misitu ya Usambara Magharibi: Saa, Njia na Tahadhari

Wageni wengi wanaofika Lushoto huuliza njia, umbali na nauli, lakini ni wachache wanaouliza saa, ingawa saa ndiyo inayoamua mtu ataona nini. Anayefika genge la Irente, yaani ukingo wa mlima unaokatika ghafla, saa 1 asubuhi, ukungu ukiwa umelala bondeni, na anayefika saa 4 ukungu ukiwa umekwisha kupanda, watasimulia mambo mawili tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata saa na hali ya hewa kwanza, kisha ramani. Unahusu upande wa magharibi wa milima ya Usambara, mkoani Tanga, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa.

Lango la milima hii ni Mombo, kwenye barabara kuu inayokwenda Moshi. Yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto, na anayeshuka Mombo hupata magari madogo yanayopanda kilomita 33 za kona kupitia Soni. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka kwenye joto la tambarare huihisi tofauti hiyo mara tu anaposhuka garini. Siku ya kwanza ni vyema kupumzika, kutafuta mwongozaji na kuitazama hewa.

Kuhusu majira, wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vijia vya udongo mwekundu huteleza kiasi kwamba hata wenyeji hutembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi, na ukungu unaweza kukaa hadi mchana. Septemba na Oktoba njia hukauka vizuri, lakini vumbi na moshi wa nyikani huweka utandu unaofuta milima ya mbali. Mimi huchagua Januari na Februari, au siku mbili tatu za ukavu mara tu baada ya mvua, kwa maana mvua huosha hewa na macho hufika mbali.

Anza na Irente, kwa kuwa ni karibu na haihitaji nguvu nyingi. Kutoka mjini ni mwendo wa kilomita 5 au 6, wa saa moja na nusu hadi mbili kwa mguu, kupitia Yoghoi, katikati ya migomba, mahindi na mikaratusi. Kituo cha njiani ni shamba la Irente, linaloendeshwa na Kanisa la Kilutheri, ambako huuzwa mikate, jibini na jamu. Kisha ardhi hukatika ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, unakiona kijiji cha Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu iliyo nyembamba kama uzi, na nyika ya Wamasai inayokwenda hadi macho yachoke.

Genge hili linatazama magharibi, na jambo hilo lina maana kubwa katika kupanga saa. Anayetaka kuona mbali na kutambua vitu kimoja kimoja afike kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, ukungu ukiwa umepanda na jua likiwa bado nyuma yake likimulika tambarare. Anayetaka rangi za machweo afike saa 11 jioni, akikubali kwamba jua litamwingia machoni na kwamba atarudi mjini gizani. Basi awe na tochi, au apatane mapema na mwenye bodaboda amsubiri. Sehemu kubwa ya ukingo haina uzio. Mwamba wenyewe ni imara, lakini juu yake hulala changarawe laini inayobiringika chini ya soli, na penye kivuli kuna kuvu ambayo baada ya mvua huwa kama sabuni. Kaa hatua kadhaa nyuma ya ukingo, mshike mtoto mkono muda wote, na ukipiga picha usirudi kinyumenyume hata hatua moja.

Siku ya pili iwe ya msitu, na hapo asubuhi na mapema haina mbadala. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, iko kaskazini mwa mji na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo lipa kiingilio na upate kibali kabla ya kuingia, tena udai risiti. Ingia saa 1 asubuhi. Mbega weusi wenye mabega meupe huwa bado wanaota jua kwenye matawi ya juu, nao husikika kabla ya kuonekana, kwa mkoromo mzito unaopita kutoka kundi moja hadi jingine. Kinyonga ni kazi nyingine: usimtafute kwa kutazama majani, tazama tawi, maana mwili wake hutulia juu ya tawi kama kifundo kisichofanana na vifundo vingine, hadi jicho moja linapozunguka peke yake.

Penye miamba yenye kivuli na maji yanayochuruzika, piga magoti utazame. Milima ya Usambara ni mojawapo ya makao ya asili ya ua dogo la zambarau ambalo leo hukaa madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake kwao, na jenasi yake ikaitwa Saintpaulia. Ninaomba kwa dhati kabisa kwamba yeyote atakayeliona aliache lilipo. Kipande cha mwamba kilichovuliwa mimea yake hakirudi upesi, na mimea mingi ya milima hii haina kwao kwingine duniani.

Ndani ya msitu giza huingia mapema kuliko nje. Niliwahi kuchelewa kutoka kwa sababu nilimsubiri mbega mmoja ageuke, na saa 12 jioni, huku mashambani bado kuna mwanga, nilikuwa napapasa mizizi kwa fimbo. Tangu siku hiyo hugeuza safari saa 9 alasiri, popote nilipofika. Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na ukiona mstari mweusi unakatiza njia, uruke bila kusimama. Viatu viwe na soli yenye meno. Wakati wa matope gambuti za sokoni hufaa kuliko raba za bei kubwa. Beba maji lita mbili, koti la mvua na kitu cha kula, na mwambie mwenye nyumba ya wageni unakwenda wapi, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika mabondeni.

Mwongozaji achaguliwe kwa utulivu. Papasi wa stendi, yaani anayewinda wageni ili awauzie huduma, atakuambia lolote, kwa hiyo omba kitambulisho, kubalianeni bei na njia kabla ya kuondoka, na muulize lini alipita njia hiyo mara ya mwisho. Vijia vingi hupita katikati ya mashamba ya watu. Msalimu kila unayekutana naye. Ukiweza kusema «onga maundo» asubuhi, utaona nyuso zinavyofunguka, maana Kisambaa ndicho kinachozungumzwa nyumbani. Mama anayeshuka na mzigo wa kuni kichwani apishwe kwa kusimama upande wa mlima, ili yeye apate njia yote bila kugeuza shingo. Picha ya mtu huombwa kwanza.

Mwenye muda mfupi anaweza kupanda kilima cha Kwamongo, karibu na Soni, chenye vipepeo wengi. Mwenye siku tatu au nne aende Mtae, kwa basi au kwa miguu kupitia Rangwi, ambako wasafiri hulala kwa masista. Mtae iko zaidi ya kilomita 50 kutoka Lushoto, juu ya mgongo wa mlima unaoanguka pande zote mbili, na ni lazima kulala huko, kwa kuwa anayefika mchana na kuondoka hupata ukungu wa joto tu. Lala mapema, uamke saa 11 alfajiri, jifunike blanketi na utoke kwenye ukingo. Hifadhi ya Mkomazi itaanza kuonekana chini, kisha safu za Upare, na hewa ikiwa safi, geuka kaskazini-magharibi kabla ya saa 2: Kilimanjaro huonekana juu ya utandu, theluji yake ikiwa ya waridi, kwa dakika chache kabla ya mawingu kuifunika.