Picha ya mnato au fremu ya video? Jipimie pale Bismarck

"Kaka, ile picha nitolee tu kwenye video." Naisikia hiyo karibu kila baada ya sendofu. Video ninayo, ya 4K, na bibi harusi kacheka vizuri kweli. Tatizo anataka ya kutundika sebuleni. Zamani nilikuwa nabishana, siku hizi namwonyesha kipimo hiki.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Fungua menyu ya kamera, chukua upana, zidisha kwa kimo. Yangu ya megapikseli 24, yaani nukta (pikseli) milioni 24, inatoa picha ya 6000 × 4000. Video ya 4K ni 3840 × 2160, sawa na megapikseli 8.3. Full HD, yaani 1920 × 1080, ni 2.1 tu! Kamera ni hiyo hiyo, lenzi hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Wahi Bismarck, lile jiwe la ziwani pale Mwanza, alfajiri. Mwanga bado mpole, kwa hiyo shata ya 1/50 (kamera inapokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde) haitaunguza picha. Weka kamera kwenye stendi, fokasi ya mkono kwenye jiwe. Piga picha moja kwa 1/50, halafu rekodi sekunde kumi kwa shata hiyo hiyo. Kisha ongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), upige picha nyingine kwa 1/500. Kamera nyingi hukata pembeni zikirekodi 4K, jiwe likaonekana limesogea. Likisogea, rekebisha zumu hadi lilingane, la sivyo unajidanganya.

Hatua ya 3: Toa fremu. Programu ya VLC inaitoa kwa ukubwa wake halisi. Usipige skrinishoti: laptopu ya 1366 × 768 itakupa megapikseli moja tu, halafu uilaumu kamera.

Hatua ya 4: Kuza, jiwe lilingane kwenye zote. Utamu uko hapa. Jiwe limetulia, kwa hiyo 4K inajitahidi: nyufa unaziona, hata michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege. Sasa shuka kwenye maji. Kwenye picha, kila kiwimbi kina ukingo wake. Kwenye fremu, maji yamekuwa kama uji. Sababu ni kwamba video hubanwa: kamera huhifadhi fremu chache nzima, na katikati huandika kilichobadilika tu. Jiwe halibadiliki. Ziwa linabadilika lote, kila mara, na nafasi ya kuandika yote hayo haipo.

Ukibahatika mtumbwi ukapita, jaribu kusoma namba iliyopakwa ubavuni. Kwa 1/50 inavutika hata kwenye picha ya megapikseli 24. Kwa 1/500 inasomeka. Kumbe si kila ukungu ni kosa la pikseli.

Hatua ya 5: Gawanya upana kwa 300 (nukta kwa kila inchi), upate inchi za kusafisha kwa ubora mzuri. Full HD inafika inchi 6.4. 4K inafika 12.8, kwa hiyo A4 unasafisha bila aibu. Picha ya mnato inafika 20.

Bibi harusi wangu nilimpa A4, kwa sababu alikuwa amesimama anacheka. Angekuwa anacheza, nisingemwahidi hata hiyo. Mteja akikuambia mapema kwamba atataka fremu, rekodi kwa 1/500 kama mwanga unaruhusu, ila mwonye kabisa: video ya kucheza itaonekana inakatakata. Mimi kwenye keki naacha video kwa msaidizi, napiga mnato mwenyewe.