Namna ya kusoma slaidi ya E-kadherini unaposhuku saratani ya lobula ya titi

Saratani ya lobula (vijitezi vya titi vinavyotengeneza maziwa), ambayo ni takriban asilimia 10 hadi 15 ya saratani vamizi za matiti, hukua jinsi inavyokua kwa sababu seli zake zimekosa kitu cha kuzishikamanisha. Kitu hicho ni E-kadherini, protini iliyopenya utando wa seli: upande wa nje hushikana na mwenzake wa seli jirani kwa msaada wa kalsiamu, na mkia wake wa ndani hufungwa na protini ziitwazo katenini, ambazo huuunganisha na nyuzi za aktini, kiunzi cha ndani ya seli. Mara nyingi nakala moja ya jeni yake, CDH1, huwa imeharibika, na ya pili imepotea pamoja na kipande cha kromosomu ya 16.

Hatua ya 1. Anza na slaidi ya hematoksilini na eosini, yaani rangi za kawaida za maabara, na usiagize kingamwili yoyote (ya kutia rangi protini maalumu, kama E-kadherini) kabla hujaridhika na ulichokiona hapo. Kwa lenzi ya nguvu ndogo, tafuta seli ndogo zinazofanana, zikipita mojamoja kwa mstari katika tishu unganishi na kuizunguka mifereji ya maziwa kama duara za shabaha. Tishu ya asili huvurugwa kidogo mno, na ndiyo sababu mammografia huweza kuukosa ugonjwa uliokwisha kuenea. Ukiongeza nguvu ya lenzi, utaona seli ambazo kiini chake kimesukumwa pembeni na zikafanana na pete ya muhuri. Hata hivyo, mstari si sharti: ziko aina ambazo seli hujikusanya kwa wingi au kufanya mafundo ya mviringo, lakini ukizitazama kwa makini utaona kwamba hazigusani kwa uthabiti.

Hatua ya 2. Katika slaidi ya E-kadherini, tazama kwanza mifereji ya kawaida iliyo kwenye kipande hichohicho. Utando wa seli zake ukiwa haukushika rangi kwa ukali, usisome chochote; rudia kazi.

Hatua ya 3. Sasa soma seli za saratani. Rangi inaweza kukosekana kabisa, kuzunguka utando wote, au kuwa hafifu, ya vipandevipande, au ndani ya saitoplazimu tu. Rangi hafifu, ya vipandevipande au ya ndani ya saitoplazimu tu si ya kawaida, na haifai kuandikwa kuwa “ipo” pasipo maelezo. Jihadhari pia na seli za mioepitheli (tabaka la nje la mifereji na lobula) na za mfereji wa kawaida zilizonaswa katikati ya uvimbe, kwani hushika rangi vizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuzihesabu kuwa za saratani, na ilinibidi niirekebishe ripoti.

Hatua ya 4. Ukibaki na shaka, ongeza kingamwili ya p120-katenini, mojawapo ya zile katenini. Kwa kawaida hukaa kwenye utando ikiwa imeishika E-kadherini. Ikikosa pa kushika, hutawanyika ndani ya saitoplazimu. Naithamini kwa sababu hapa unasoma rangi iliyohama mahali pake, jambo linaloaminika zaidi kuliko rangi iliyokosekana, ambayo huenda imetokana na kasoro ya maabara.

Hatua ya 5. Umbo na rangi vikipingana, sikiliza umbo. Baadhi ya saratani za lobula hubaki na E-kadherini isiyofanya kazi, na baadhi ya saratani za mifereji huipoteza.

Hatua ya 6. Katika tezi za limfu, tia rangi ya keratini (protini ya seli za epitheli, zikiwemo za saratani hii) iwapo una shaka, maana seli zilizotawanyika hufanana mno na seli za kinga.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika pale kinyama kilichokatwa tumboni kwa uchunguzi, cha mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya lobula, kinapoonyesha seli za pete ya muhuri. Saratani ya tumbo ya aina ya mtawanyiko (diffuse) nayo hupoteza E-kadherini, hivyo kingamwili hii haiwezi kuitenganisha na ya lobula iliyoenea hadi tumboni. Agiza kingamwili za kipokezi cha estrojeni na za GATA3, protini ambazo kwa kawaida huelekeza kwenye titi, kisha ulinganishe seli hizo na slaidi za titi za awali kabla ya kutia saini.