Kukagua vizibo vya chupa kwa kamera: anza na taa

Kabla ya kununua kamera, kusanya vizibo vibovu. Kwa wiki nzima tenga kila kasoro na mfuko wake: visivyojaa plastiki, vyenye plastiki iliyochungulia ukingoni, vyenye doa jeusi la plastiki iliyoungulia ndani ya mashine. Kisha amua kasoro ndogo kabisa ambayo mteja ataikataa. Tuseme ni doa la milimita 0.2. Doa hilo lichukue angalau pikseli 3, kwa hiyo pikseli moja ibebe milimita 0.067. Kizibo cha milimita 28 kipe nafasi ya milimita 40 kwenye picha; hapo unahitaji pikseli 600 hivi. Kamera ya pikseli 1,280 kwa 1,024 inatosha kabisa, pesa inayobaki peleka kwenye taa.

Taa ndiyo kazi yenyewe. Kwa kasoro za ukingo, mwanga utoke chini ya kizibo, basi mkanda unaobeba vizibo uwe wa kupitisha mwanga. Kwa madoa juu ya plastiki inayong'aa, tumia taa ya kuba, yenye umbo la bakuli lililofunikwa na inayosambaza mwanga kila upande, maana taa ya kawaida huacha mng'ao ambao programu huudhania kasoro. Mikwaruzo inataka taa ya pete iliyoshushwa karibu na mkanda, mwanga uje kwa ubavu. Taa moja haionyeshi vyote. Na doa jeusi kwenye kizibo cheusi halitaonekana kwa kamera hiyo, hata ufanyeje.

Majengo mengi ya viwanda, Chang'ombe au Mbagala jijini Dar es Salaam, yana mabati angavu yanayopitisha mwanga. Asubuhi mambo shwari. Saa nane mchana jua linapiga mkandani na vizibo vizima vinaanza kukataliwa. Funika kituo kwa boksi la bati, ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa.

Mkanda ukienda milimita 500 kwa sekunde, picha ichukuliwe kwa maikrosekunde 100. Kizibo kitasogea milimita 0.05 tu. Bomba la hewa la kutoa vibovu liongozwe na enkoda ya roli, yaani kifaa kinachopima mzunguko wake, si kwa kuhesabu sekunde: umeme ukiyumba mkanda unapungua mwendo, na hewa inapiga kizibo jirani kisicho na kosa.

Kila zamu ikianza, pitisha vizibo vibovu 10 vilivyotiwa alama upande ambao kamera haiuoni. Kimoja kikipita bila kukataliwa, simamisha mkanda, futa vumbi kwenye taa na lenzi, rudia. Mipangilio ya programu ibadilishe mwisho kabisa.