Jinsi ya kufuatilia historia ya nyambizi ya Vita ya Kwanza ya Dunia

Ukitaka kujua nyambizi flani ilifanya nini vitani, anza na herufi zilizo mbele ya namba. Za Wajerumani, U peke yake ni zile kubwa za bahari kuu, UB ni za pwani, UC ni za kutega mabomu baharini, kwa hiyo U-9 na UB-9 ni vyombo viwili tofauti kabisa. Halafu hakikisha mwaka, maana Wajerumani walipoanza kuunda nyambizi tena 1935 namba zilianza upya kwenye moja, kwa hiyo kuna U-9 nyingine ya vita ya pili na watu wengi wanachanganya hapo.

Chombo ukishakipata, chukua siku yake moja kubwa uisome taratibu, na usome pande zote mbili. Kwa U-9 ni tarehe 22 Septemba 1914, nje ya pwani ya Uholanzi, asubuhi mapema, nahodha Otto Weddigen anaipiga topido (bomu linalosafiri chini ya maji) manowari ya Kiingereza Aboukir, na Waingereza wanadhani wamegonga bomu la kutegwa, basi manowari nyingine mbili zilizokuwa nayo, Hogue na Cressy, zinaitwa zisogee kuokoa watu. Hogue inasimama, boti zinashushwa, inapigwa. Cressy nayo bado iko palepale inaokota watu majini, inapigwa, na muda wote huo kule chini ya maji mabaharia wa U-9 wanapakia topido upya kwenye kijumba chembamba cha chuma. Walikufa watu 1,459 na mi naona huwezi kuielewa siku ile kama hujajua kwamba manowari mbili zilizama kwa sababu zilisimama kuokoa wenzao.

Nahodha mfuatilie peke yake, usimfunge na chombo. Weddigen alihamia U-29 na akafa nayo Machi 1915 ilipogongwa na manowari ya Kiingereza Dreadnought, ila U-9 yenyewe ilimaliza vita nzima, ikasalimishwa kwa Waingereza Novemba 1918 na baadae ikakatwakatwa huko Morecambe, Uingereza, kwa hiyo usihangaike kutafuta mabaki yake baharini.

Kama unataka kuona kwa macho ilivyokuwa, U-1 ya 1906 ipo kwenye jumba la makumbusho la Deutsches Museum, Munich, ubavu wake umekatwa unaona mpaka ndani. Angalia injini zake, zilikuwa za mafuta ya taa kama za U-9, na zilitoa moshi ambao adui aliuona kwa mbali.