Mzee akicheza muziki, mbadilishie hatua
Mzee anayerudia hatua zilezile za ujanani ananyoosha viungo tu. Kichwa hakipati kazi kubwa. Kila wiki mwongezee hatua moja ngeni. Anzeni na rumba ya polepole: hatua mbili kulia, mbili kushoto, kofi kwenye hesabu ya 4. Akishazoea, hamishia kofi kwenye ya 3. Atakosea, na mtacheka, lakini hapo ndipo kumbukumbu inapofanya kazi. Dakika 20 zinatosha.

Kinachoangusha wengi ni kugeuka: ageuke kwa hatua ndogondogo 4, asizunguke kwa mguu mmoja. Avue kandambili, avae viatu vinavyoshika kisigino. Mkeka ukunjwe. Kama anatumia dawa za presha, asiinuke kitini ghafla, anaweza kushikwa na kizunguzungu.